Moshi Niliouita Umande

Manzese, nyuma ya soko,
S.L.P. 4417,
Dar es Salaam.

21 Agosti 2024

Mpendwa Dada Tusajigwe,

Shikamoo, dada. Ugonile. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na magoti yako yanakuruhusu kufika kanisani na kurudi bila kukaa njiani. Shemeji je, kikohozi kimemwacha au bado anagombana na dawa? Na ile migomba ya juu ya nyumba, upepo wa mwezi huu uliilaza yote au ilibaki ya kuanzia? Sisi huku miili ni mizima. Kazi ipo, chakula kipo. Mke wangu anakusalimu na anasema ile mbegu ya maharage uliyompa tulipokuja kwenye mazishi imeota vizuri kwenye ndoo, kama haijui kwamba iko Manzese.

Utashangaa kuona mtu anayekupigia simu kila Jumapili leo kashika kalamu. Simu ina kundi la familia, na kundi lina ndugu yetu Asifiwe. Nikikupigia peke yako, najijua: nitaanza na hali ya hewa na kumaliza na hali ya hewa. Barua nikishaifunga siwezi kuirudisha kinywani. Nitamkabidhi mama mchungaji wa usharika wetu, anapanda basi kesho kuja Tukuyu kwenye harusi ya mpwa wake, na ameniahidi atakupa mkononi. Isome ukiwa umekaa, na uwe peke yako.

Asifiwe ametutangazia kwamba umeshakata tiketi. Anasema siku ya arobaini ya mdogo wetu Brightson, Jumamosi ya tarehe saba Septemba, ukoo utakaa pale nyumbani kwa marehemu Gongo la Mboto. Kikao kikiisha, mjane wake Felicitas atakabidhi funguo za nyumba, na wewe utarudi Tukuyu na watoto, Hope na Deo, ukawalee. Sababu anaizungukazunguka kwa maneno ya kistaarabu, lakini wote tunaijua. Ni kwamba Felicitas alimwacha mumewe akate roho ndani ya gari huku yeye amesimama nyuma anatazama moshi. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema ndiyo, imekwisha. Ukisema hapana, hata Asifiwe na sauti yake atanywea.

Niseme mapema, nisije nikaishiwa ujasiri katikati ya ukurasa. Felicitas alisimama nyuma ya gari lile kwa sababu mimi nilimwambia asimame.

Sasa nivumilie, maana itabidi niongee kifundi kidogo. Unalikumbuka gari la Brightson, lile jeupe lenye mlango mmoja wa kijivu, alilolinunua kwa mwalimu mkuu wake wa zamani. Gari lina umri wa kuoa. Mwanzoni mwa Juni, baridi ya kipupwe ilipoingia, likaanza tabia: kila asubuhi likiwashwa mara ya kwanza linatoa moshi mweupe, dakika tatu nne, halafu moshi unakata na linatembea kutwa nzima bila kosa. Aliyeona ni Felicitas, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiliwasha na kuliendesha. Brightson kwa magari alikuwa mwalimu wa Kiswahili tu, Mungu amrehemu. Hata kufungua boneti alikuwa anamwita jirani.

Felicitas akanipigia, nikamwambia alilete gereji. Akalileta. Kutoka Gongo la Mboto hadi kwangu Manzese, na foleni ile, ni saa nzima na zaidi, kwa hiyo gari lilifika limeshachemka vizuri. Nikaliwasha, nikakanyaga mafuta, hakuna moshi hata wa sigara. Nikamuuliza mbele ya mafundi wenzangu, "Shemeji, huo moshi umeuacha nyumbani?" Wakacheka, na yeye akacheka kidogo kwa adabu, akaondoka.

Dada, gari linalotoa moshi asubuhi hupimwa asubuhi, likiwa limelala usiku mzima na injini imepoa hadi kwenye mfupa. Hilo nalijua kuliko ninavyozijua Zaburi. Mtu wa mbali akija na ugonjwa wa namna hiyo huwa namwambia aliache gari lilale kwangu. Kwa shemeji yangu mwenyewe sikufanya hivyo. Ni mtu wa nyumbani, nikaona kazi ya nyumbani inaweza kusubiri. Kinyozi hajinyoi, na mimi wa kwangu nilimwacha na nywele zake.

Hakuchoka. Wiki ile ile akanitumia video kwenye simu, kaichukua alfajiri, gari linaunguruma na moshi unatambaa chini kwa chini hadi kwenye geti. Niliitazama nikiwa na chapati mkononi. Hapa ndipo kosa lilipo, na ni wewe peke yako katika ukoo mzima utakayelielewa. Sikuona Gongo la Mboto kwenye ile video. Niliona kwetu. Niliona gereji ya misheni nilikojifunza kazi, magari yamepangwa kwenye baridi, kila moja likiwashwa linatoa wingu jeupe, na fundi wetu mzee anatwambia ni umande tu uliolala ndani ya bomba la ekzosi, ngojeni ukauke ndipo mpakie mzigo, mkiondoka na moshi mtaua injini. Na pale alikuwa sahihi. Huko kwenu mtu anaona hata pumzi yake mwenyewe akitoka nje asubuhi.

Hapa Dar ni nani aliyewahi kuona pumzi yake? Nimekaa mji huu miaka thelathini na nne, natoka jasho hadi kwenye mwezi wa saba, na bado jicho langu lilihukumu kama liko Tukuyu. Fundi wa Temeke aliyezaliwa na joto hili angeuliza papo hapo: moshi mweupe dakika nne nzima, kwenye mji usio na baridi, maji hayo yanatoka wapi? Mimi sikuuliza. Niliona cha kwetu nikafurahi, na nikamjibu kwa ujumbe wa sauti.

Maneno yake nayakumbuka yote. "Shemeji, huo ni umande tu, injini inatoka jasho la asubuhi. Usiondoe gari moshi ukiwa bado upo, utaua injini. We simama nyuma, uutazame, ukikata ndo uondoke. Usiwe na haraka kabisa."

Siku chache baadaye aliuliza tena, na hili ndilo linaloniamsha usiku. Aliniuliza mbona maji kwenye rejeta yanapungua kila baada ya siku mbili, na chini ya gari hakuna hata tone. Nikamwambia gari la miaka hiyo lina kiu kama wazee wenzake. Nikaongeza, "Fundi nani hapa, mie au wewe?" Dada, mwanamke yule ambaye hajawahi kushika spana alikuwa amenipa ugonjwa mzima mkononi. Maji yanayopungua bila kuvuja nje yanaingia ndani ya injini, na moshi mweupe wa asubuhi ndiyo maji hayo yakitoka. Nilichotakiwa ni kuunganisha mambo mawili tu, nami nikamfanyia mzaha.

Ya asubuhi ile ya Ijumaa, tarehe ishirini na sita Julai, nakuandikia kama alivyonisimulia mwenyewe, na sina sababu ya kutia shaka hata neno moja.

Brightson aliamka saa kumi na moja alfajiri kifua kimembana na jasho linamtiririka. Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, kamshika Felicitas begani. Akakaa kiti cha mbele. Felicitas akawasha, na moshi ukatoka mwingi kuliko siku zote. Akataka kuondoka hivyo hivyo. Brightson ndiye aliyemzuia, dada. Alimwambia, "Mama Hope, usije ukaliua gari tukakwama njiani. Ngoja moshi ukate. Braza anajua." Braza huyo ni mimi.

Basi Felicitas akaenda nyuma akasimama, kama nilivyoagiza. Akautazama moshi. Haukukata. Akarudi kumwangalia mumewe, akaenda tena nyuma, akarudi tena. Bi Badriya, yule mama wa Kiarabu mwenye duka linalotazamana nao, ndiyo alikuwa ametoka kuswali na anafungua milango ya duka. Alimsalimia, Felicitas akaitikia bila kugeuka. Zilipita dakika kumi na mbili. Mwishoni akaona liwalo na liwe, akaondoa gari moshi ukiwa ule ule.

Hawakufika mbali. Walipokaribia kituo cha Banana injini ikakosa nguvu, mvuke ukafumka kwenye boneti, gari likazima. Felicitas alisimama katikati ya barabara mpaka bajaji ikasimama. Hospitali walipokea mwili tu. Nilimuuliza daktari baadaye kama dakika zile zingebadilisha kitu. Alikuwa kijana mpole, akaniambia moyo hauna ratiba na hawezi kuniapia lolote. Nilitamani aseme hapana, lakini hakusema.

Jioni ya siku ile tukafunga turubai pale uani. Bi Badriya alikuja na chupa kubwa za chai kwa ajili ya waombolezaji, akakaa na wanawake, na kwa uchungu wake tu akasema, "Masikini, mie nilimwona mama Hope kasimama nyuma ya gari anautazama moshi, sikujua mgonjwa yumo ndani. Ningejua ningeita watu." Hakuwa na ubaya wowote. Lakini neno likishatoka msibani hulioni tena lilikokwenda. Kabla ya saa tatu lilikuwa limefika upande wa wanaume, limeongezewa chumvi na pilipili.

Asifiwe akasimama. Unamjua, akiwa na huzuni huwa anatafuta wa kumpiga. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, hebu tuambie. Mdogo wetu anakata roho, we nyuma ya gari ulikuwa unangoja nini?"

Felicitas akainua uso akanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa viti vitatu tu kutoka kwake. Sikuwa mbali, sikuwa nimetoka, wala siwezi kusema sikusikia. Nikainama nikatazama viatu vyangu. Akangoja kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilichanganyikiwa." Watu wakaguna. Tangu dakika ile akawa mwanamke aliyetazama moshi mumewe akifa, na mimi nikawa kaka wa marehemu anayepewa pole na kuwekewa kiti cha mbele.

Nawe ulimwona pale kaburini, dada. Ulinivuta pembeni ukaniuliza mbona mwanamke huyu halii hata chozi, au ndiyo desturi ya kwao Bukoba. Nikakujibu kwamba kila mtu hulia kwa namna yake. Jibu zuri, la mtu mwenye busara. Ningekuambia ukweli pale pale, usingekata tiketi leo. Naona aibu, na najua aibu peke yake haimsaidii mtu.

Tuliporudi Dar, gari lilivutwa hadi gereji kwangu. Nililifunika, na kwa siku nane nikawa nalizunguka. Mafundi wenzangu waliona ni uchungu wa ndugu. Haukuwa uchungu, ulikuwa woga. Maadamu sijalifungua, ugonjwa unaweza kuwa mwingine: feni imekufa, mpira wa maji umepasuka njiani, chochote ambacho hakikuwepo mwezi wa Juni. Siku ya tisa niliamka mapema, nikafika gereji kabla ya mtu yeyote, nikalifunua.

Nilifanya yale ambayo ningeyafanya miezi miwili nyuma. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimejaza maji kwenye rejeta hadi mdomoni; asubuhi hiyo yalikuwa yameshuka, na chini pakavu. Nikaliwasha. Likakohoa, likayumba, likashika, na moshi ukatoka mweupe mzito. Ungekuwa wa rangi ya bluu ungekuwa wa oili, ungekuwa mweusi ungekuwa wa mafuta kuzidi. Nikaweka karatasi nyeupe mdomoni mwa ekzosi. Ikalowa matone safi yasiyo na mafuta wala masizi mengi. Ulikuwa mvuke wa maji. Kama rejeta ingekuwa na ile dawa ya rangi ya kupoza injini inayouzwa madukani, moshi ungenukia utamu na hata kipofu angejua. Lakini sisi tulikuwa tunalinywesha maji ya bomba, na maji ya bomba hayanukii kitu.

Nikafungua mfuniko wa rejeta taratibu injini ikiwa bado haijapata joto. Maji yalikuwa yanatoa mapovu. Nikazima, nikang'oa plagi zote nne. Tatu zilikuwa na rangi ya udongo kama inavyotakiwa. Moja, ya pili kutoka mbele, ilikuwa inang'aa kama kijiko kilichotoka kuoshwa. Hapo sikuhitaji kuendelea, lakini niliendelea. Nilifungua kichwa cha injini, na chini yake ile gasketi, karatasi ngumu inayotenganisha njia ya maji na chumba cha moto, ilikuwa imelika sehemu moja. Ufa wenyewe ni mwembamba kama njiti ya kiberiti. Nimebadilisha gasketi za namna ile mpaka sina hesabu. Ni kazi ya siku moja na nusu.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kinatokea, maana ndicho kitakachoulizwa kwenye kikao. Injini ikipoa, chuma kinanywea na ufa unafunguka, maji yanajipenyeza ndani taratibu usiku kucha. Asubuhi ikiwashwa yanatoka moshi. Injini ikipata moto, chuma kinatanuka, ufa unajifunga, moshi unakata. Kwa hiyo moshi kukata hakukuwa kupona. Ugonjwa ulikuwa unajificha tu hadi kesho yake. Na siku ile ufa ulikuwa umepanuka, haukuweza tena kujifunga. Kila dakika Felicitas aliyosimama kwa agizo langu, maji yalikuwa yanaungua na kupungua. Alipoondoka, gari lilikuwa limebakiwa na maji ya kufika Banana. Angeondoka mara tu alipowasha, yangemfikisha hospitali. Nimepiga hesabu hiyo kwa kila namna ninayoijua, nikitafuta mahali pa kujificha, sikupapata.

Jumapili iliyopita nilifunga ile gasketi kwenye gazeti nikaenda Gongo la Mboto. Felicitas alikuwa anafua uani. Nyumba imepoa, dada. Majirani wanampita, na wanawake wa jumuiya hawajaja kusali naye tangu tulipotoka mazishini. Lakini kilichoniumiza zaidi ni Hope. Ana miaka kumi na minne, na maneno ya turubai aliyasikia yote. Alikuwa akimjibu mama yake kwa kichwa tu, ndiyo na hapana, na chakula anakula chumbani.

Nikaweka gasketi juu ya stuli nikamwambia Felicitas nilichokiona. Alikausha mikono, akaishika, akaigeuzageuza, akatia ukucha kwenye ule ufa. Nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaba tangu msibani: kwa nini hakuwapigia watu ule ujumbe wangu wa sauti? Simu ilikuwa mkononi mwake. Ingemtosha nusu dakika kumnyamazisha Asifiwe.

Akaniambia, "Shemeji, siku ile tulikuwa hatujui tunamfikishaje Brightson Tukuyu. Wewe ndo ulikuwa unashika kila kitu, gari, jeneza, watu. Ningeiwasha ile sauti pale wangekugeukia wewe, na baba Hope angezikwa na nani? Halafu alikuwa anakupenda." Akairudisha gasketi juu ya stuli. "Nimeshaifuta. Hope anashikaga simu yangu, sikutaka aisikie."

Kwa hiyo ushahidi wa mashine haupo tena, dada. Ulikuwepo, ungeniumbua, na yule tunayetaka kumfukuza ndiye aliyeufuta ili mimi niweze kumzika mdogo wangu nikiwa nimeinua kichwa. Nami nikakiinua kweli.

Kisha akaniuliza swali moja tu. "Niambie ukweli, shemeji. Ningeondoka saa ile ile tungefika?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, wa kumfariji, na wa kunifariji mimi zaidi. Nikasema, "Gari lingefika. Yeye, sijui."

Akajifunika uso kwa kanga yake yenye mapovu ya sabuni, na hapo, dada, ndipo alipolia. Alilia kilio kile ulichokuwa ukikitafuta pale kaburini. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Hope alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwona alivyofika. Akaniuliza, "Baba mkubwa, kwa hiyo mama alikuwa anakusikiliza wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena, kana kwamba hakusikia, "Na pale kwenye turubai ulikuwepo?" Nikamwambia ndiyo, nilikuwepo. Alinipita akaenda kukaa chini, kwenye sakafu yenye maji, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya mama yake. Nikachukua gazeti langu nikaondoka, hakuna aliyenisindikiza.

Haya ndiyo ninayokuomba. Tiketi usiirudishe, njoo. Lakini usije kuchukua watoto. Njoo ukae karibu na Felicitas, uoneshe watu kwamba mkubwa wa nyumba yetu amekaa pale. Jumamosi ile nitasimama mwenyewe kabla Asifiwe hajafungua mdomo, na nitasema kila nilichokiandika hapa, kuanzia chapati hadi viatu. Najua kitakachofuata. Wapo watakaosema Lusungu amemuua ndugu yake. Wapo ambao hawataleta tena magari yao kwangu, na watakuwa na haki. Asifiwe sijui kama atanipa tena mkono. Na wewe, dada, sijui utanitazamaje. Hilo ndilo lililonifanya nichane karatasi mbili kabla ya hii.

Lakini najua pia mimi ni mtu wa namna gani, maana nimejiona. Nilipewa nafasi mbele ya watu nikaiacha ipite. Basi njoo na barua hii kwenye mkoba wako. Ukiona siku ile nimesimama na maneno hayatoki, au nimeanza kuzungumzia hali ya hewa, usinihurumie. Itoe uisome wewe kwa sauti, mbele ya Asifiwe, mbele ya Bi Badriya, na watoto wakiwepo. Nimeitia sahihi jina langu kamili ili asije mtu akasema imeandikwa na Felicitas.

Nisalimie shemeji, mwambie anywe dawa aache ubishi. Nisalimie wote wa nyumba ya chini, na mama zetu wa kwaya waliotuimbia siku ya mazishi. Mke wangu anakusalimu sana. Haya yote nimemwambia jana, na ndiye aliyenunua bahasha. Felicitas anakusalimu, anauliza kuhusu magoti yako. Deo anakusalimu, ameng'oka jino la mbele na anataka ulione. Hope naye anakusalimu. Salamu zake kwako amezipitisha kwa mama yake, kwa sababu mimi hajaniamkia tangu Jumapili ile. Shikamoo yake sijaidai.

Mungu akupandishe basi salama na akushushe salama, na akufungulie moyo kabla hujafika.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda kama zamani na anayekuogopa kuliko zamani,

Lusungu Mwakipesile